Utepe Uliong'aa Mchana

Ndugu zangu wa mtaa huu na wa mitaa ya jirani, nawaomba muache kidogo mnachofanya mnisikilize. Nina habari ya nyumba moja. Nitaisimulia kwa sababu wapo watu walioondoka leo asubuhi kwenda kazini wakiwa wamevaa kitu kile kile kilichoibomoa nyumba hiyo.

Ilikuwa nyumba ya vyumba viwili, na ukipita hapo jioni ungesikia cherehani. Mwenye cherehani alikuwa mama ambaye sote tulimwita Mama Kasuku, maana binti yake mdogo alikuwa na domo lisilojua kupumzika. Mama huyu alishona sare za shule, mapazia na magauni ya harusi, na sijapata kumsikia mteja akimlalamikia. Mumewe alifanya kazi kwenye ujenzi wa barabara. Alikuwa mshika kibendera, yule anayesimama nyuma ya malori ya kifusi na kuyaelekeza yanaporudi nyuma: njoo, njoo, kata kushoto, simama.

Akifika nyumbani, Baba Kasuku alivua kizibao chake cha usalama, ile riflekta ya manjano kali inayoumiza macho, akakitundika kwenye msumari nyuma ya mlango. Kisha alikaa mkekani kusubiri chakula. Kila pikipiki ilipokata kona pale nje na taa yake kupenya dirishani, ile mikanda ya kijivu kwenye kizibao iliwaka ghafla, chumba kizima kikashtuka.

"Baba anawaka!" Kasuku alipiga kelele.

"Mimi nimeshazimika, mwanangu," baba yake alimjibu. "Hicho kizibao ndicho hakina habari kwamba kazi imeisha."

Walicheka, na Mama Kasuku naye alicheka bila kuinua macho kwenye sindano. Naomba mlikumbuke jambo hili. Aliuona mwanga huo jioni baada ya jioni, na hakuwahi kujiuliza unatoka wapi.

Msimamizi wa ile kazi ya barabara alikuwa mdogo wake Mama Kasuku, kitinda mimba wa kwao. Dada mtu ndiye aliyemlea baada ya wazazi kufariki, na kijana alipopata cheo hakumsahau. Ndiye aliyemtafutia shemeji yake kazi. Basi siku moja, mchana wa jua kali, alikuja amebeba mfuko, uso wake umejaa furaha.

"Dada, wakubwa wa kampuni wanakuja kukagua barabara. Watakuja na mpiga picha. Sasa tazama dukani wanataka kuniuzia nini!" Akatoa kizibao kipya cha manjano, akakitupa juu ya meza ya cherehani. "Hii mikanda imepauka kama goti lisilopakwa mafuta. Vijana wangu wasimame mbele ya wakubwa na kitu hiki?"

Mama Kasuku alikigeuza ndani nje. Mshono ulikuwa wa haraka haraka, mabega yamelegea, na ile mikanda kweli ilikuwa ya kijivu, haina mvuto wowote. Fundi ni fundi. Mikono ilianza kumwasha.

"Mimi naweza kukushonea vizuri kuliko hiki," alisema.

"Ndicho kilichonileta! Nataka rangi ya kampuni, ile ya malori yetu."

Rangi ya malori yao ilikuwa damu ya mzee. Kitambaa cha rangi hiyo hakikuwa taabu kupatikana. Na kwa upande wa mikanda, Mama Kasuku alifungua sanduku lake akatoa bunda la utepe wa fedha, ule wa kupambia kumbi za harusi. Wakatoka nao barazani, wakauweka juani ubavuni mwa mkanda wa dukani. Utepe ulimeta hata wakakunja macho. Ule wa dukani ulilala pale kama majivu.

"Hapa kuna haja ya kuuliza?" alisema mdogo mtu.

"Hakuna," alijibu dada.

Wenzangu, hapo ndipo ninapotaka kulia kila nikifika. Walichagua kwenye jua la utosi kitu cha kumlinda mtu wakati jua halipo. Sisemi walikuwa na roho mbaya. Mdogo mtu alitaka kumpa dada yake kazi, dada alitaka kumpendezesha mumewe, na wote wawili walitaka sifa. Hakuna kati yao aliyefikiria dereva aliyekaa juu kwenye lori, vumbi limetanda, anatafuta mtu kwenye kioo cha pembeni.

Vizibao viliposhonwa vikaisha, Baba Kasuku peke yake ndiye aliyesita.

"Shemeji, hii yangu ya zamani madereva huniambia wananiona nikiwa bado mbali."

"Na hii watakuona ukiwa bado nyumbani!" shemeji alimjibu, na wakacheka.

Akamtazama mkewe. Mama Kasuku alikuwa amekipakata kizibao kipya magotini, anasubiri aambiwe neno, kama anavyosubiri fundi yeyote. Baba Kasuku akakivaa. Kilimkaa sawasawa, maana mwili ule mkewe aliujua bila kuupima.

"Mke wangu, umenipendezesha," alisema. "Na hii, hata lori litanipisha."

Kasuku alifungwa nywele kwa utepe uliobaki. Baba yake akamwuliza kama na yeye ameajiriwa, na mtoto akajibu kwamba yeye ni mkubwa wa kampuni. Ilikuwa siku ya furaha, sitawaficha.

Wakubwa walikuja, picha zikapigwa, sifa zikamwagwa, na msimamizi alipigwa bega mbele ya watu. Wageni wakaondoka, vizibao vikabaki kuwa vazi la kila siku.

Mvua zilipokaribia, kazi ilianza kuendelea hadi jua kuzama ili kifusi kishindiliwe kabla udongo haujalowa. Asubuhi moja Mama Kasuku alimkuta mumewe nyuma ya mlango, ameshika kile kizibao cha zamani.

"Baba Kasuku, unakitaka hicho kikuukuu?"

"Aa, wapi. Nakipangusa vumbi tu."

Akakirudisha kwenye msumari. Akavaa alichoshonewa, akamuaga mkewe, akatoka. Mimi naamini alitaka kukichukua. Naamini pia kwamba aliuona uso wa mkewe akaona haya kumvunja moyo.

Jioni ile jua lilikuwa limeshazama na vumbi jekundu limetanda barabarani. Baba Kasuku alisimama nyuma ya lori, kibendera mkononi, na nyuma yake kulikuwa na lori jingine limeegeshwa, nalo la rangi ya damu ya mzee. Dereva alitazama kioo. Aliona udongo mwekundu, aliona lori jekundu, mtu hakumwona. Akarudi nyuma. Msimamizi alikuwa upande wa pili, alipiga kelele hadi sauti ikamkauka, lakini mngurumo wa injini uliimeza.

"Nilitazama," dereva alikuwa akirudia, amekaa chini kwenye kokoto, ameshika kichwa. "Naapa nilitazama. Palikuwa hapana mtu."

Mdogo mtu ndiye aliyepeleka habari. Alisimama mlangoni, kofia ngumu mkononi, vumbi limemganda usoni na machozi yamechora mistari.

"Dada," alisema.

Mama Kasuku aliondoa mguu kwenye cherehani. "Mume wangu yuko wapi?"

"Dada, nisamehe."

"Nimekuuliza mume wangu yuko wapi!"

Kasuku, utepe ungali kwenye nywele zake, alichungulia nyuma ya mjomba wake kuona kama baba anakuja.

Walimzika. Watu tulikuja, tukakaa, tukaondoka, kama ilivyo desturi ya misiba. Mama Kasuku alimlaumu dereva kwanza. Alisema ana macho ya mapambo, alisema alikuwa amelewa, alisema mengi ambayo mfiwa husema na hakuna wa kumkataza.

Halafu jioni moja umeme ulikatika. Alichukua tochi kutafuta mshumaa, na mwanga wake ukapiga nyuma ya mlango. Kizibao cha zamani kililipuka kwa mwanga, mikanda yake myeupe kama imewashwa umeme. Mama Kasuku alimulika tena. Kisha akaenda kwenye rundo la vizibao vya akiba alivyokuwa hajavipeleka saiti ya ujenzi, akatoa kimoja, akakitundika kwenye msumari ule ule, ubavuni mwa kile cha zamani. Akarudi nyuma hadi ukutani, akainua tochi usawa wa macho.

Cha zamani kiliwaka. Cha kwake kilikuwa giza tupu, na utepe wa fedha ulionekana kama mstari wa masizi. Alisogea mbele, akarudi nyuma, akasogea tena.

"Mama," aliuliza Kasuku, "mbona cha kwako hakiwaki?"

Alianguka pale pale. Kilio alichotoa kilitutoa majumbani, na mdogo wake alipokuja mbio alimkuta anakata ule utepe kwa mkasi, vidole vinavuja damu.

"Ni mimi niliyechagua, dada," alisema, akijaribu kumnyang'anya mkasi.

"Na mikono ni ya nani? Sindano ni ya nani? Nimemvisha mwenyewe! Nikamfunga na vifungo!"

Alimfungua mtoto utepe wa nywele, akautupa motoni pamoja na ule mwingine. Vizibao vyote vilikusanywa saiti, wafanyakazi wakapewa vile vya manjano vilivyokataliwa. Mdogo mtu aliacha usimamizi kwa hiari yake akaomba kushika kibendera, na jioni dada yake hali chakula mpaka aone amerudi. Hawagombani. Lakini hawatazamani usoni sana.

Cherehani siku hizi haisikiki. Kizibao cha zamani kipo msumarini, na pikipiki ikikata kona bado kinawaka. Kasuku, yule mtoto wa domo, hasemi kitu. Anageuka tu kutazama mlango kama unafunguliwa.

MAFUNZO

Ndugu zangu, kizibao cha usalama si pambo. Mfanyakazi anakivaa ili mtu aliye mbali, aliyechoka, mwenye vumbi machoni, amwone kwa wakati. Wewe unayewachagulia wenzako, usichague kwa sura yake juani. Mkanda wa kweli mchana ni wa kijivu na hauna urembo. Kazi yake huanza mwanga ukiupiga gizani. Chukua tochi, ingia chumba chenye giza, simama mbali, umulike. Tazama pia rangi: isifanane na udongo wa hapo wala na mashine zake. Kikichakaa, kibadilishe.

Na wewe unayevaa, ukiona mashaka, sema. Usione haya, hata kama aliyekupa ni mkeo, shemeji yako au mkubwa wako. Anayekupenda kweli atanuna jioni moja, na asubuhi utakuwepo umbembeleze.

Mama Kasuku hutoka nje mara moja moja. Akimkuta kijana wa ujenzi amevaa kizibao kipya, humshika mkono, na hana swali lingine la kumwuliza ila hili: "Mwanangu, umekitazama gizani?"