Jini wa Nusukaputi

Kopo la mashine ya nusukaputi lilianza kupata moto kabla kisu hakijagusa tumbo. Kopo la chokaa tu, kazi yake kusafisha pumzi ya mgonjwa, lakini sista Candida alipoligusa alirudisha mkono kama kagusa kikaango cha chipsi. Na mtaa mzima wa Gerezani hakuna anayeijua habari hii kunishinda mimi.

Mgonjwa alikuwa Dalia, binti wa Thuraya muuza madira wa Kariakoo. Kidole tumbo kilimkamata wiki ileile ya posa. Kwenye benchi la hospitali Thuraya alikaa na Bi Zulekha, mama wa bwana harusi, mwanamke mwenye jicho la kumenya kitunguu bila kisu.

Kabla hawajamwingiza binti, Candida alikuja na swali lake la kila mgonjwa. "Mama, kwenye ukoo wenu yupo aliyewahi kudhurika na dawa ya usingizi?"

Zulekha akageuza shingo.

"Hakuna," Thuraya akasema.

Mwongo mkubwa. Mdogo wake, Wafa, alivutishwa nusukaputi akakakamaa mezani, akawaka joto mpaka akafa. Ukoo ukajua ni jini wao, hataki mtu wake alazwe na mwingine. Wakafunga midomo. Nani anaoa nyumba yenye jini?

Barakoa ikawekwa. Harufu tamu kama fenesi lililoiva kupita ikajaa chumba, harufu ya kulaza ng'ombe wote wa machinjio ya Vingunguti. Mara taya la Dalia likajifunga, likafunga hasa, ungeleta spana zote za mafundi wa Gerezani lisingefunguka, moyo ukakimbia kuliko basi la mwendokasi, mikono ikakaza kama mbao, joto likapanda, likapanda tena, chokaa ikageuka zambarau, na ndani ya bomba linalopitisha pumzi ikasikika pumzi ya mwanamke mwingine, ya taratibu, isiyofuatana na kifua cha Dalia.

Candida akatoka. "Mama, mwanao anaungua," akanong'ona. "Nani wa kwenu alikufa hivi?"

"Labda homa tu, mwanangu."

"Leteni ubani nimfukize," Zulekha akasema.

"Uwashe kiberiti kwenye oksijeni? Tutaokotwa bandarini sote. Mama, nakuuliza wewe."

Thuraya akamtazama Zulekha, akatazama mlango.

"Wafa," akasema chini chini. "Mdogo wangu. Hivihivi."

"Kumbe mna lenu ndani," Zulekha akasema, akakusanya baibui lake, akaondoka na posa yake.

Candida alisharudi mbio. Gesi ikafungwa, bomba likachomolewa, oksijeni tupu, mwili ukazikwa kwenye barafu ya wauza samaki. Joto likashuka kwa shingo upande. Upasuaji ukafanywa kwa usingizi wa sindano.

"Hii iko kwenye damu yenu," Candida akamwambia Thuraya. "Asivute tena dawa hii, wala ndugu zake. Na mkiulizwa, semeni."

Dalia akazinduka, sauti inakwaruza.

"Mama mdogo Wafa alikuwa kanishika taya."

"Unaweweseka, mwanangu. Lala."

"Kasema angeniachia mapema. Alikuwa anasubiri wewe umtaje."

Koridoni, mashine iliyozimwa na kuchomolewa waya ilivuta pumzi moja ndefu, na harufu ya fenesi ikapita chini ya mlango.