Uji Mweupe wa Esta

Ilikuwa mwaka wa 1954, huko Kwai, juu milimani Usambara. Kila asubuhi Bibi Secilia alitwanga mahindi mbele ya nyumba. Alikoboa, akapepeta, akatwanga tena, akachekecha mpaka unga ukawa mweupe kabisa. Pumba alizitia katika ndoo ya ng'ombe. Juu yake aliweka majani ya maboga. Ng'ombe yule alikaa bandani mwaka mzima, akaletewa kila kitu mdomoni kama bwana harusi.

Unga mweupe ulikuwa wa Esta, mke wa mwanawe. Esta alikuwa amejifungua mtoto wa kike, Marta. Katika nyumba ile mzazi aliheshimiwa kwa uji mweupe. Maharage alinyimwa, yasije yakamtia mtoto gesi tumboni. Mboga za majani alinyimwa pia, kwa sababu tangu ajifungue alikuwa akihara mara kwa mara. Bibi Secilia hakuwa na roho mbaya. Alimpenda sana mkwe wake, na ndiyo maana alichekecha kwa bidii.

Lakini Esta hakupata nguvu. Mikono yake ilitetemeka. Misuli ya miguu ilikaza, ikamuuma. Siku moja alikuwa amempakata Marta karibu na moto. Ghafla vidole vilikaza, vikakataa kumtii. Mtoto akateleza. Bibi Secilia alimdaka kabla hajafika mafigani.

"Nipe, mama. Nitamshika vizuri," Esta alisema.

"Atanyonya nikiwa nimemshika mimi," bibi akajibu. "Mikono yako siiamini tena."

Tangu siku hiyo Esta hakuachiwa mwanawe. Aliona uchungu mkubwa, akalia kimyakimya. Majirani walinong'ona kwamba amerogwa. Timotheo, mumewe, hakutaka kusikia maneno hayo. Alimpeleka hospitali Lushoto. Huko walimtibu kuhara, wakamchoma sindano ya madini yaliyopungua mwilini. Alipopata nafuu, daktari alimwagiza Salimu, dresa aliyehudumia wagonjwa katika zahanati ya karibu, akaangalie chakula cha nyumbani.

Salimu alifika asubuhi, bibi akiwa anachekecha.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu kigoda."

Salimu alitazama chungu cha uji, kisha akaitazama ndoo ya ng'ombe.

"Mama, ng'ombe amepewa nini leo?"

"Pumba na majani ya maboga."

"Na Esta?"

"Uji mweupe. Nimechekecha mwenyewe."

Salimu hakucheka. Alikaa, akasema taratibu.

"Mama, mwili unahitaji madini yaitwayo magnesiamu. Hayahitajiki mengi, lakini bila hayo misuli haifanyi kazi vizuri. Inakaza na kutetemeka. Moyo unayahitaji, mifupa pia. Mtu akihara kwa muda mrefu, yanatoka. Asipoyapata katika chakula, hayarudi."

"Yanauzwa wapi? Nimtume Timotheo sokoni Mombo?"

"Yamo katika ndoo hii."

Bibi Secilia aliacha kuchekecha.

"Katika mahindi, mengi yamo kwenye ganda na kile kiini kinachochipua," Salimu aliendelea. "Majani ya kijani yanayo. Maharage, kunde, karanga na mbegu za maboga zinayo pia. Wewe umemwachia Esta weupe tu."

"Akila maharage, mtoto hataumwa tumbo?"

"Watoto wengi hawaumwi. Aanze na kidogo, yaliyoiva sana. Mboga mpike kwa maji machache, na maji hayo msiyamwage. Lakini mikono ikikaza tena, au kuhara kukirudi, msitegemee chakula peke yake. Mrudisheni hospitali. Misuli hukaza kwa sababu nyingi, na hii ni moja tu."

Bibi aliitazama ndoo. Machozi yakamtoka.

"Kumbe nimemnyima mwanangu, nikamlisha mnyama."

"Hukujua, mama," Esta alisema kutoka mlangoni. "Na ulikuwa ukichoka kwa ajili yangu."

Siku hiyo chekeche lilitundikwa ukutani. Esta akaanza kula ugali wa mahindi yasiyokobolewa, maharage na mboga ya mnavu. Majirani walishangaa kuona mzazi anapewa ugali usio mweupe. Bibi Secilia aliwajibu kwamba weupe ameuonja, na faida yake ameiona. Kwa kuwa pumba hazikubaki tena, Timotheo naye ilimbidi ashuke bondeni kumkatia ng'ombe majani. Alinung'unika, lakini alishuka.

Mvua za vuli zilipokwisha, Esta alikuwa akilima tena. Asubuhi moja alikaa karibu na moto, akichambua maharage. Bibi Secilia alikuwa amempakata Marta. Aliitazama mikono ya Esta. Ilikuwa imetulia.

Bibi akainuka, akamweka mtoto mapajani mwa mama yake.

"Mshike," alisema. "Mimi nakwenda kukata majani ya ng'ombe."

Akachukua mundu, akatoka. Hakugeuka kutazama nyuma.