Vijiko Sita vya Mama Maximilla

Nilikuwepo mwenyewe, kwa macho haya mawili, na ningekuwa nayo kumi yote yangeona!

Mwaka sabini na nne, pale Mabamba, Mama Maximilla, mkimbizi wa Burundi, alilazwa hospitali. Akamwachia rafiki yangu Leonidasi amana: vijiko sita vilivyopakwa fedha, vinang'aa mpaka jogoo anawika mara mbili. Nyuma ya kila mpini kulikuwa na chapa ya fundi, nyuki mdogo.

Leonidasi akapata mteja Kasulu. Mchana kweupe akachukua tupa, akaanza kufuta nyuki.

"Akidai ni vyake, namwambia vyake vina chapa."

"Weye Leo, utaiba hata kivuli chako!" nikamcheka.

Akamaliza cha sita, akavifunga kitambaani, akaweka tupa chini. Sauti ya kukwangua haikukoma. Kre, kre, kre, mle mle kitambaani. Tukafungua: nyuki sita, wapya, bado wa moto.

Tukavirudisha siku ile ile, mbio kuliko gari.

Basi, hapo pa kuvirudisha nimetunga. Leonidasi alivikimbia, nikavificha mimi uvunguni. Mama Maximilla alipopona akaja kuniuliza, nikaapa viliibwa.

"Asante kwa kunieleza, mwanangu," akasema, na chini ya kitanda kre, kre, kre.