Namba ya Gwalugano

Jumanne, tarehe 11 Juni 2024, saa nane na dakika ishirini mchana, ndipo mambo yalipogeuka katika studio ya kwaya ya Enesi, pale Tunduma. Siku hiyo Gwalugano, kaka yake Enesi, alikuwa na siku kumi na tisa kaburini.

Studio ilikuwa na kompyuta mbili. Ya nyuma, ya kurekodia, ilitumia Linux. Ya mbele, ya kuhariria, ilitumia Windows. Lugha zao ni mbalimbali, lakini Gwalugano alizifunga waya mmoja zikala sahani moja: folda ilikaa nyuma, ikafunguka na mbele, na kila faili lilionyesha jina la mwenyewe.

Jina la kaka lilimchoma Enesi kila alipowasha mashine. Fundi Eliakim alipokuja asubuhi hiyo kumsajili Restuta, mfanyakazi mpya, Enesi alimwambia alifute kabisa. Eliakim alisita, akauliza kama arobaini imepita. Enesi akamjibu kwamba kompyuta haina matanga. Eliakim akafuta.

Mchana Restuta akamwita.

"Dada Enesi, nyimbo hizi za mwaka juzi zinasema ni zangu. Mwaka juzi mimi nilikuwa Itumba nauza viazi. Au viazi vilikuwa vinaimba?"

Wakacheka. Eliakim alieleza kwa simu kwamba mashine hizi hazimjui mtu kwa jina, humjua kwa namba. Namba ya marehemu ilibaki wazi, mgeni akapewa. Yeye alikuwa njiani kwenda Kamsamba, angerekebisha Ijumaa.

Jumatano likatokea faili ambalo hakuna aliyelirekodi. Dakika moja ya pumzi. Alhamisi, dakika tisa. Humo mtu alikohoa, na chumba kikanuka kafuri, ile waliyompaka Gwalugano kifuani siku zake za mwisho. Restuta, mwenye sauti ya kwanza nyembamba kama uzi, akaanza kuvumisha besi bila kujijua. Alisema anasikia baridi. Nje jua lilikuwa linawaka juu ya malori ya mpakani.

Ijumaa mchana, Eliakim alipoingia pamoja na katekista, Mzee Zebedayo, aliyeitwa na Enesi, walimkuta Enesi amesimama ukutani, na Restuta ameketi wima mbele ya kioo cha kompyuta, macho wazi bila kupepesa, mikono imelala mapajani, huku spika zikipumua na kifua chake kikipanda na kushuka sawasawa na spika, na harufu ya kafuri ikizidi mpaka machozi yakawatoka, na midomo yake ikafunguka, ikatoa sauti nzito ambayo Enesi alikuwa ameisikia tangu utoto.

"Sauti ya Nne. Niitikie tu. Niite jina langu."

Gwalugano peke yake ndiye aliyemwita Enesi jina hilo la utani, kwa kuwa Enesi akiwa mdogo aliimba besi, sauti ya nne ya kwaya, kumtania. Moyo ukamvuta. Akafungua kinywa.

"Usimwitikie, mwanangu," Mzee Zebedayo alinong'ona. "Kaka yako yuko mikononi mwa Mungu. Huyu ni mwingine, amekuta nyumba ina namba, haina mwenyewe."

"Lakini ni sauti yake, Baba."

"Sauti si mliirekodi? Na utani wenu umo humo. Anaokota."

Akasema marehemu arudishiwe jina lake, na aliyeagiza lifutwe ndiye aliandike. Eliakim akafungua mashine ya nyuma, akampa Restuta namba nyingine. Mzee akaanza kusali. Kwenye ile ya zamani Enesi akaandika, herufi moja moja, jina ambalo hakutaka kuliona, na besi ikamwita na kumwita, ikilia sasa kama mtoto aliyefungiwa nje, mpaka herufi ya tisa ilipokaa.

Spika zikanyamaza. Restuta akaanguka, akaomba maji kwa sauti yake mwenyewe.

Mafaili yote yakarudi kwa Gwalugano, isipokuwa moja, chini kabisa. Lilikuwa limeingia dakika hiyo hiyo. Halikuwa na jina la mwenyewe. Namba tu, na Eliakim aliapa hajampa mtu namba ile.

Enesi akachomoa waya, akapiga magoti.

"Ee Bwana, mpokee Gwalugano, uliyemjua kwa jina kabla hajapewa namba. Umpumzishe. Na tunapomwita katika sala, asiitike mwingine. Amina."