Pembe ya Maganda ya Viazi

Mjinga wa siku ile alikuwa Mwalimu, na hata leo ukimwuliza hakatai. Anachobishia ni kipimo tu. Yeye husema alikuwa mjinga wa asubuhi moja. Mpishi husema siku tatu, ukijumlisha na maandalizi.

Maandalizi yenyewe yalikuwa hivi. Chuo cha ubaharia kilikuwa na merikebu ya mafunzo, ya matanga, milingoti miwili, umri wa kustaafu. Kila kundi lilipokaribia kuhitimu lilipelekwa bahari kuu kwa mtihani walioubatiza "upofu": vyombo vyote vya kisasa vinazimwa, wanafunzi wanatafuta mahali walipo kwa jua, dira, saa na penseli. Mwaka uliotangulia mjanja mmoja alichungulia kifaa cha dharura, kile kinachoita msaada kwa setilaiti meli ikizama, akapata alama mia kwa mia. Safari hii Mwalimu hakuacha mwanya. Alikusanya simu, redio, kila chenye betri, na kifaa cha dharura juu yake, akavifungia kwenye sanduku la chuma katika chumba cha ramani. Ufunguo akauvaa shingoni. Kisha akaandikia chuo: tutakuwa kimya hadi Jumamosi, msitutafute.

Nahodha alinung'unika. Mwalimu akamtuliza.

"Siku chache tu, Mzee. Kwani tunazama?"

Jumatano, saa nne asubuhi, wakazama.

Saa moja kabla ya hapo palikuwa na ubishi mdogo jikoni. Mpishi, ambaye chombo kizima kilimwita Shangazi, alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa akimenya viazi, na mwanafunzi mmoja alikuwa akichungulia dirishani maganda yaliyomwagwa. Huyo binti Mwalimu alimpa jina la Makadirio, kwa sababu kila hesabu yake iliishia na neno "kama". Maili kama arobaini. Nyuzi kama kumi. Ulikuwa mtihani wake wa tatu, na kanuni haikuruhusu wa nne. Akifeli, arudi nyumbani na begi lake.

"Mwalimu, tazama maganda," alisema. "Hayabaki nyuma yetu moja kwa moja. Yanakata pembe, yanaelekea upepo unakotoka. Maana yake sisi tunateleza kando, kwenda kusini. Nyuzi kama kumi."

"Meli hii huteleza nyuzi tatu. Imeandikwa kitabuni."

"Kitabu kiliandikwa kabla ya matengenezo."

"Binti, hapa tunaongoza kwa jua, si kwa mboga."

Wenzake watano walicheka. Yeye akaandika kumi kwenye karatasi yake, akaipeleka chumba cha ramani pamoja na za wengine.

Upepo haukupiga hodi. Mbingu ilikuwa safi, bahari ya buluu kama shati la sare, mara upande wa kaskazini maji yakageuka meupe na weupe ule ukaja mbio. Merikebu ikalala ubavu. Mlingoti wa mbele ukagusa maji, na maji yakaona mlango wa jikoni uko wazi, yakaingia bila kubisha. Mwalimu alijiburuta kuelekea chumba cha ramani hali sakafu imekuwa ukuta. Alifika mlangoni akakuta maji kifuani, na sanduku lake limekwenda upande wa chini, huko kusikofikika. Aliushika ufunguo, akatazama maji, akaogelea kurudi. Kitu kimoja alikifanya vizuri siku ile: aliikata kamba ya mashua ya mazoezi ya makasia, ikaelea.

Dakika saba tu, meli ikaondoka chini yao.

Wote tisa walikuwa ndani ya mashua: Nahodha mfupa wa bega umevunjika, Mwalimu, Shangazi na wanafunzi sita. Walikuwa na makasia sita, dira ndogo ya mashua, dumu la maji lililojaa nusu, fataki mbili za ishara na sufuria moja ambayo Shangazi mwenyewe hakumbuki aliishikaje.

"Nani anajua tuko hapa?" aliuliza.

Mwalimu alikohoa. "Jumamosi watajua kwamba hatupo."

"Na leo?"

"Leo tuna ruhusa."

Shangazi alimtazama, kisha akautazama ufunguo. 

Ilibaki kuamua waelekee wapi. Njia ya meli za mizigo ilipita karibu, wote walilijua hilo. Huko kila siku hupita chombo. Kwa hesabu ya Mwalimu ilikuwa maili kumi kusini. Kwa hesabu ya Makadirio walikuwa wameshaivuka kwa kuteleza, na iko kaskazini, maili kama ishirini.

"Kama," alisema Mwalimu. "Siwezi kupeleka roho tisa kwenye kama. Kusini."

Wakapiga makasia kusini. Shangazi alipima maji kwa kifuniko cha dumu, kimoja asubuhi na kimoja jioni, na Nahodha alipojaribu kukataa cha kwake alimwambia, "Meza, Mzee. Ukifa nitapata kazi ya kukulilia, na machozi ni maji." Viganja vilitoka malengelenge, malengelenge yakapasuka, chumvi ikaingia. Jioni Mwalimu akatangaza kwamba wamefika njiani. Wakasubiri. Kulikucha, bahari imekaa tupu kama sahani iliyolambwa. Saa tatu, hakuna moshi. Saa tano, hakuna. Dumu likatikiswa, likajibu kwa sauti ya chini sana.

Makadirio hakusema "nilikwambia." Aliuliza swali tu, midomo imepasuka.

"Mwalimu, merikebu nzito ingeangushwa na upepo ule?"

 Miaka kumi na moja Mwalimu alikuwa ameona merikebu ile ikiinama mbele ya pepo kali zaidi na kusimama tena, kama mzee anayeokota fimbo.

"Walipoitengeneza walitoa mawe ya tumboni ili waunge mbao," binti aliendelea. "Nafikiri hawakuyarudisha yote. Ikawa nyepesi. Nyepesi huanguka. Nyepesi huteleza pia."

"Shangazi," Mwalimu aliita, sauti imekauka. "Maganda yako huwa yanakwenda wapi?"

"Miaka yote nyuma, moja kwa moja, kama vifaranga na mama yao. Safari hii yalikuwa yanatoroka. Nikadhani macho yangu yamezeeka."

"Yalitoroka kiasi gani? Nyoosha mkono."

Shangazi alinyoosha mkono, akafumba jicho moja, akaweka ngumi kati ya mahali maganda yalipopaswa kuwa na mahali yalipokuwa. Ngumi moja ya mkono ulionyooshwa ni nyuzi kumi. Hilo Mwalimu huwafundisha wanafunzi siku ya kwanza, kabla hawajajua hata choo kiko wapi.

Mwalimu alinyoosha mkono wake naye, akaipima ngumi ile. Kisha akasema kwa sauti ambayo wote waliisikia, "Nimekosea. Na nimewapotezea siku nzima na maji yake. Geuzeni. Makadirio, kaa kwenye usukani, unipe mimi kasia lako."

Maili thelathini sasa, upepo mdogo ukiwa usoni. Walipokezana. Mwalimu hakupokewa, kila alipoambiwa apumzike alisema "bado kidogo", mpaka damu ya viganja vyake ikaacha alama kwenye mbao. Ijumaa asubuhi Shangazi aligawa kifuniko cha mwisho na kuliweka dumu miguuni kwa upole kama mtu anayelaza mtoto. Mahali Makadirio alipopataja walipafika, wakakuta maji matupu. Hakuna aliyemlaumu. "Endeleeni," alisema Mwalimu. "Amesema kama."

Maili sita mbele, moshi.

Fataki ya kwanza ilikuwa imelowa, ikatema cheche mbili ikalala. Ya pili ikapanda juu, nyekundu, nzuri kuliko kitu chochote walichowahi kukiona. Meli ya mizigo ikageuza pua yake taratibu. Mwanafunzi mmoja akaanza kucheka na hakuweza kuacha, wengine wakaambukizwa, hata Nahodha na bega lake. Juu ya meli walipewa chai ya sukari nyingi na mablanketi. Nahodha wa meli ile akapiga simu chuoni kuripoti manusura, na karani akamjibu kwa adabu kwamba haiwezekani, kundi lile lina ruhusa ya kuwa kimya hadi kesho.

Wiki iliyofuata waliitwa wote ofisini kwa Mkuu wa chuo. Feni ilizunguka, mafaili yalipangwa kwa rangi. Mwalimu alishakiri kosa lake kwa maandishi, kurasa nne, na sasa alikuwa amesimama, viganja vimefungwa bandeji, akimtetea Makadirio.

"Amekosea maili sita," alisema Mkuu, kidole kwenye kitabu cha kanuni. "Mwisho ni tano."

"Mimi nilikosea thelathini na sita, Mkuu."

"Wewe hukuwa mtahiniwa. Halafu karatasi yake ya hesabu iko wapi?"

"Chini ya bahari, pamoja na zote."

"Sasa bila karatasi nitathibitishaje kwamba hesabu ilifanyika?"

Shangazi, ambaye hakuna aliyemwalika kuzungumza, aliwaonyesha kwa mkono wote waliosimama mle ndani, kuanzia Nahodha na bega lake hadi kwake mwenyewe.

"Tuhesabu, Mkuu. Ukipata pungufu ya tisa, mfelishe."