Nilicheza Matanga ya Mume Aliye Hai

Nina miaka thelathini na mmoja, ndugu wasomaji, na sitaki huruma ya mtu. Nisikilizeni tu... halafu mkamtazame vizuri huyo shoga anayewashika mkono!

Nilikimbia Rumonge na koti la kijivu la mume wangu, Sylvestre. Tulipotezana siku ya risasi. Katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, Malawi, koti lile ndilo lilikuwa mto wangu.

Jirani yangu, Yolande wa Bukavu, aliongoza kikundi chetu cha ngoma. Pia alikuwa katibu wa kanisa, na barua zetu zote zilipitia kwake. Nilimwita dada. Dada! Mimi na ujinga wangu!

Siku moja akasema tumealikwa kucheza Lilongwe. Tutajenga sanamu ya mtu kwa vitu tulivyobeba kutoka kwetu: masufuria, rozari, funguo za nyumba zilizochomwa... Tutavifunga kwa waya, kisha tucheze tukiizunguka. Kwangu akataka koti.

Nikakataa. Akanibembeleza wiki nzima. "We, miaka miwili unangoja! Angekuwa muzima angeandika. Mulilie mbele ya bantu, moyo upone."

Nikakubali. Nani alinilazimisha? Hakuna.

Kule Lilongwe, katika ukumbi wa mtaa wa Area 47, sanamu ikavishwa koti la Sylvestre. Nilicheza, nikapiga magoti, nikalikumbatia. Yolande akaninyoa nywele palepale, kama mjane anayeanua matanga. Nililia machozi ya kweli! Wageni wakapiga makofi na picha, na Yolande akaomba apewe picha moja. Nikadhani ni ya ukumbusho...

Sanamu, na koti juu yake, akabaki nayo yeye. Mwezi haukuisha, akahama kambi bila kuaga.

Siku moja nikiwa mjini Lilongwe, mtaa wa Old Town, kununua uzi, nani namwona mbele ya duka la vitambaa? Sylvestre! Mzima! Amevaa koti lake, matundu ya waya bado yako mabegani. Nikamrukia nikilia. Akanisukuma.

Akatoa ile picha mfukoni. Ni mimi, kipara, nimelipigia koti lake magoti. Akasema aliniandikia barua tatu kupitia kanisa letu. Jibu alilopata ni Yolande mwenyewe, na picha.

"Ulishanyoa. Ulishaanua matanga yangu," akasema. "Sasa unataka nini kwa maiti?"

Nikaapa sikuona barua hata moja. Hakusikia. Ningebisha vipi? Uso ni wangu, kipara ni changu.

Yolande akatoka dukani na kitenge kipya begani. Akamshika mkono mume wangu, akanitazama bila aibu. "Zikomo, dada," akasema, asante ya Wamalawi. Nyoka yule! Mungu anamwona!

Wanawake wenzangu, barua yako kaiulize kwa mguu wako mwenyewe. Na kitu ulichoachiwa na mtu wako usikitoe kwa ngoma ya yeyote, hata akikuita dada mara mia.

Tena msimlilie mtu ambaye hamjaona kaburi lake! Mimi nililia nikapigiwa makofi. Nywele zimeota tena... lakini mume wangu yuko hai, na mimi ni mjane.