Gololi Tisa

Grisi iliyolala ndani ya habu, kitovu cha gurudumu la baiskeli, miaka thelathini huganda kama sabuni. Hii ilikuwa laini, tena vuguvugu, na Spoku alipoichota kwa kidole ilinuka jino bovu.

Akajifuta kwenye suruali, akaendelea. Ilikuwa baiskeli ya mashindano ya zamani, usukani umepinda kama pembe za kondoo dume, na mjane aliyeileta alitaka ing'ae kama siku marehemu mumewe alipoinunua. Spoku akachomoa ekseli ya nyuma. Ilikuwa imeviringishiwa nywele nyeupe ndefu zenye utelezi, na alipozivuta kwa koleo zilitoka na vipande vya ngozi kwenye mizizi.

"Spoku, umefuga maiti humo?" aliuliza fundi cherehani wa mlango wa pili, pua ameiziba kwa kitambaa cha mteja.

"Ni grisi tu, dada."

"Grisi ya nani?"

Vikombe vya habu vilikuwa vimelika, koni zimechimbika, cheni imelegea. Vyote akavitupa kwenye kopo la vyuma chakavu. Gololi tisa za chuma zilizozungushia ekseli zilikuwa nzima, hazina hata mkwaruzo, na Spoku hakuwahi kutupa gololi nzima. Akaziosha kwa mafuta ya taa, akaenda nazo nyumbani, akazitia kwenye gurudumu la kiti cha mama yake, lililokuwa limekwama mwaka mzima.

Jioni hiyo mama alijisukuma mwenyewe mpaka mlangoni.

"Usinishike," alisema akicheka. "Leo nawachungulia majirani bila kuomba lifti."

Kibandani, habu mpya aliyoifunga kwenye baiskeli nayo haikukaa vizuri. Spoku alipaka grisi ya njano, asubuhi akaikuta ya kijivu, imejaa nywele. Siti ya ngozi ikatoka jasho. Siku ya nne, saa sita mchana, mlango uko wazi na watu wanapita, gurudumu lililoning'inia kwenye msumari likaanza kuzunguka lenyewe, polepole, likitoa sauti ya mtu anayetafuna mdomo wazi, na kila lilipomaliza mzunguko likadondosha tone zito sakafuni, na tone likatambaa kufuata kiatu chake, mpaka Spoku akatoka nje kinyumenyume na kutapika kwenye ndoo ya kuoshea vyuma.

Fundi cherehani akamleta mjomba wake, mganga. Mzee hakuingia. Alisimama kizingitini, akatema mate.

"Ni jini mla mafuta," alinong'ona. "Anakaa kwenye chuma. Kila kilichokuwa ndani ya baiskeli hii kitoke nayo. Kikibaki kimoja, amebaki mzima."

Spoku akaleta kopo, matambara, hata ile suruali.

"Ndiyo yote?"

Akilini alimwona mama yake mlangoni kwao, anaota jua, anacheka na wapita njia. Gololi tisa, za chuma kitupu, zimeoshwa. Zingemdhuru nani?

"Ndiyo yote, mzee."

Mganga alisoma mpaka sauti ikamkauka. Baiskeli ikafukiwa kwenye shimo refu, mjane mwenyewe akimwaga udongo wa kwanza. Harufu ikakatika palepale.

"Sasa naweza kula," alisema fundi cherehani.

Spoku akarudi nyumbani anapiga mluzi. Kiti cha mama kilikuwa sebuleni, kimempa mgongo, na kabla hajavua viatu akaisikia ile sauti ya kutafuna.

"Mama?"

Alikuwa ameinama ubavuni, kidole kimezama kwenye gurudumu. Akakitoa kikiwa kimejaa grisi ya kijivu mpaka kwenye fundo, akakiweka mdomoni, akakifyonza taratibu huku amefumba macho, na alipotabasamu nywele nyeupe zilikuwa zimenasa katikati ya meno yake, zinaning'inia mpaka kidevuni.

"Mbona ulikuwa unaninyima, mwanangu?"

Spoku akapiga magoti, akaweka spana kwenye nati. Mkono wa mama ukaushika wake, laini, vuguvugu.

"Ukizitoa," alisema, bado anatafuna, "mama yako atafikaje mlangoni?"